Muhula Mmoja wa Nsimire M'Bagalwa

Nsimire M'Bagalwa alikuwa diwani kwa muhula mmoja, na muhula wenyewe ulikuwa mfupi, maana korona iliuchelewesha uchaguzi uliomwingiza na hakuna aliyeusogeza ule uliomtoa. Nilifanya naye kazi kabla ya hapo, nikafanya naye wakati huo, na ninafanya naye hadi leo, katika makao ya wazee yasiyo mbali na stesheni ya Liverpool, hapa Sydney. Nimemwona akiwa na fulana ya kazi, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, na nimemwona amekaa kwenye kiti cha kuzunguka katika ukumbi wa halmashauri, jina lake limeandikwa kwenye kibao mbele yake. Uso ulikuwa ule ule. Alikuwa amechoka hata kabla hajachaguliwa.

Mimi ni Joyceline, mtu wa Mwanza. Nilikuja Sydney kusomea uuguzi, nikabaki. Yeye alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, binti wa mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Bagalwa. Hiyo M' iliyo mbele ya jina ndivyo Washi, watu wa kabila lake, wanavyosema binti wa fulani. Vita vilipofika kwao alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa sekondari, na mwaka huo hakuumaliza. Alivukia Burundi, akasogea Uganda, akakaa kambini muda mrefu. Huko ndiko alikoolewa na Wilondja, Mbembe wa Fizi, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Huko huko wakazaliwa Olivier na Falone. Walipoletwa Australia, Olivier alikuwa ameshajua kusoma na Falone alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Wilondja alitafuta kazi ya useremala, akaulizwa vyeti, akaishia kwenye bohari la mizigo, zamu ya usiku. Nsimire alisoma Kiingereza, kisha kozi ya kutunza wazee, akaajiriwa kwetu. Kazi hiyo Waafrika wengi wa hapa tunaijua. Kuogesha, kugeuza, kulisha, kubadilisha shuka, kusikiliza habari ile ile ya mbwa aliyekufa zamani kana kwamba unaisikia mara ya kwanza. Nsimire hakuwa mwepesi kuliko wengine wala hakuwa mzito. Alikuwa anamaliza alichoanza, basi.

Udiwani wake ulianza na msiba. Wao Wakongo wanasema kilio. Mzee Katembo, aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwenye jumuiya yao, alifariki hospitalini katikati ya baridi ya mwezi wa saba, mwaka mmoja au miwili kabla ya korona. Nyumba ya mwanawe ilikuwa ndogo, kwa hiyo watu walikaa kwenye gereji na kwenye njia ya kuingizia gari. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Sydney ya kipupwe, nyembamba, isiyoacha. Walifunga turubai, wakaleta viti vya plastiki, wakaimba. Siku ya pili jirani akalalamika, na jioni yake wakaja vijana wawili wa halmashauri wenye jaketi za kung'aa. Walikuwa na adabu. Walisema wanasikitika kwa kufiwa kwetu, wakasema kelele zina sheria zake, na turubai lililofungwa kwenye mti wa serikali nalo lina sheria yake.

Upande wa pili wa barabara ile kulikuwa na ukumbi wa halmashauri, umefungwa, taa zimezimwa. Prezida wa jumuiya yao, Papa Mushagalusa, alikuwa amepiga simu asubuhi ya siku ya kwanza kuuomba. Aliambiwa ukumbi huombwa wiki tatu kabla, na mwombaji aonyeshe bima.

Nsimire alikuwa ameketi karibu nami, sahani ya wali mapajani. Alitazama ule ukumbi kwa muda.

“Wiki tatu,” akasema. “Basi mzee angetuambia.”

Mwezi uliofuata alibadilishana zamu na mwenzetu mmoja, akaniomba nimpeleke kwa gari kwenye kikao cha halmashauri, kile ambacho mwananchi yeyote anaweza kujiandikisha na kusema kwa dakika tatu. Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha, cha taratibu. Alisimama mbele ya madiwani akasema kwamba kwenye fomu yao ya kuombea ukumbi kuna swali linalouliza shughuli ni ya tarehe gani, na kwamba mzee wao hakuwatajia tarehe. Watu wakacheka. Hakuwa amekusudia kuchekesha, na nilimwona akingoja kicheko kiishe kama anavyongoja mgonjwa amalize kukohoa. Kisha akaeleza habari ya turubai na mvua, akashukuru, akakaa.

Hawakubadili kitu. Lakini katika wasikilizaji alikuwemo Darren, katibu wa tawi la chama kimoja, mwanamume mwenye shingo nyekundu aliyejua jina la kila mtu. Alitufuata hadi kwenye maegesho, akampa Nsimire kadi yake.

Darren alirudi mwaka wa uchaguzi. Mwaka huo sehemu zetu za kusini-magharibi zilifungwa kwa miezi, helikopta zinazunguka juu ya mapaa, na pale kazini tulikuwa tumezika wazee wengi bila ndugu zao kuwepo. Nsimire alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Darren alikaa kwenye kochi lao, akanywa chai ya maziwa, akasema chama kinataka jina lake liwe la tatu kwenye orodha yake ya wagombea wa kata yao.

“Nafasi ya tatu haishindi,” alimwambia wazi. “Lakini utatusaidia kuleta watu wenu.”

Nilimuuliza baadaye kwa nini alikubali. Alijibu kwamba kama haishindi, basi si kazi. Angeweka picha, angesimama mlangoni pa shule siku ya kupiga kura akigawa vikaratasi, halafu yangeisha.

Hesabu ilichukua zaidi ya wiki mbili, kwa sababu huku kura ya mtu haifi mapema. Mgombea wako wa kwanza akianguka, kura yako inahamia kwa wa pili. Wagombea wawili binafsi waligombana hadi kwenye magazeti, wafuasi wao wakahamia kusikotazamiwa, na kura hizo zikamwangukia Nsimire. Simu ilipolia alikuwa anamwogesha bibi mmoja. Mimi ndiye niliyeipokea, nikamwita mlangoni pa bafu.

“Umechaguliwa, Mama Olivier.”

Alinitazama, sabuni mikononi. “Ngoja nimkaushe kwanza,” akasema.

Jumapili ile kanisani waliimba hadi mchana ukapita. Kanisa lao lilikuwa ndani ya bohari la kupanga, kati ya gereji ya magari na kiwanda cha madirisha. Papa Mushagalusa alimshika mkono akamtembeza mbele ya watu, akasema huyu si Mama Olivier tena, huyu ni Onorabo. Sisi Watanzania wachache tuliokuwepo tulimwita Mheshimiwa, nusu kwa utani. Kwenye halmashauri walimwita diwani. Olivier na Falone, ambao husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, waliendelea kumwita mama, na Falone alitaka kujua kama sasa watakula mapema au watachelewa.

Walichelewa. Posho ya diwani haitoshi kuishi, kwa hiyo Nsimire hakuacha zamu. Alizihamishia Jumamosi na Jumapili. Kati ya wiki kulikuwa na vikao, na kabla ya kila kikao makaratasi yalikuja ndani ya kile kishikwambi walichompa, ambacho yeye alikiita kitabu cha umeme, mamia ya kurasa. Alizisoma kwenye treni, alizisoma kwenye chumba chetu cha chai, miguu imewekwa juu ya ndoo. Nyingi zilihusu mapipa ya taka, miti ya barabarani ambayo mizizi yake inapasua njia za waenda kwa miguu, maegesho, bwawa la kuogelea ambalo vigae vinabanduka. Alizisoma zote. Mwenzake mmoja alimwambia hakuna asomaye zote. Alisema hajui zipi za kuruka.

Na simu. Jumuiya ilikuwa imemchagua, kwa hiyo jumuiya ilimpigia. Mtu ana dada kambini anayesubiri viza. Mtu kijana wake ameshikwa na polisi. Mtu nyumba ya serikali imeota ukungu, mtoto anakohoa. Alikuwa akiwaeleza kwamba viza ni ya serikali kuu kule Kanberra na nyumba ni ya jimbo, kwamba yeye ni diwani wa mapipa. Walimsikiliza hadi mwisho kisha wakasema, “Ndiyo, Onorabo, sasa utatusaidia aye?” Aye ni namna yao ya kuuliza vipi. Mwishowe alikuwa anakwenda nao. Alikaa kwenye viti vya ofisi ambazo hazikuwa zake, akitafsiri, akingoja namba iitwe.

Wilondja alirudi kutoka bohari asubuhi yeye akiwa anatoka. Walionana mlangoni. Nsimire aliniambia siku moja kwamba kwa wiki nzima neno alilomwambia mumewe mara nyingi zaidi lilikuwa, “Chakula kiko kwenye friji.”

Katika mwaka wa pili alipata lile lililompeleka kule. Alikuwa ameandika hoja kwamba kumbi mbili za halmashauri ziachwe kwa ajili ya waliofiwa, waweze kuzipata kwa taarifa ya siku moja, na bima iwe ya halmashauri yenyewe. Maofisa walimrudishia mara nyingi, kila mara neno moja limekosewa. Aliyemsaidia hakuwa wa chama chake. Alikuwa diwani mmoja mzee, mwenye asili ya Lebanoni, mwenye duka la vitambaa Bankstown, mtu mkali aliyempinga karibu katika kila jambo. Alimkuta kwenye mashine ya kahawa akamwambia, “Sisi tunazika siku hiyo hiyo. Lete hiyo hoja, mimi nitaiunga mkono.”

Ilipita bila mtu kusimama. Meya aliuliza nani anapinga, kimya, wakafungua jambo linalofuata, ambalo lilihusu uwanja wa mbwa. Siku hiyo kwenye viti vya wasikilizaji nilikuwa mimi na wenye mbwa. Nilimtazama Nsimire. Alikuwa anafunua ukurasa wa mbwa.

Tulipokuwa garini nikamwambia hongera. Akasema asante. Akasema viatu vinambana. Baadaye ule ukumbi ulianza kutumika kwa vilio, na watu waliufurahia kwa muda mfupi, kisha wakaanza kusema jiko lake halitoshi sufuria kubwa na mlango wake unafungwa mapema. Walimpigia yeye. Wengi walifikiri ni halmashauri imekuwa na huruma tu.

Halafu likaja jambo la kanisa.

Mwenye lile bohari la kanisa aliliuza. Kanisa likapewa miezi michache kuhama, na huku kupata mahali ambapo watu mia mbili wanaweza kuimba kwa sauti si mchezo. Papa Mushagalusa, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, aligundua kwamba kuna jengo la zamani la maskauti, mali ya halmashauri, karibu na bustani moja, halina mtu. Waliomba kulipanga kwa miaka kumi. Maofisa hawakukataa. Walisema madiwani watapiga kura.

Kanisa zima lilitulia. Walikuwa na mtu wao mle ndani.

Nsimire alikuwa kiongozi wa wanawake wa kanisa hilo. Wilondja alikuwa shemasi. Nsimire alikwenda kumuuliza mwanasheria wa halmashauri, akajibiwa lile alilokuwa analijua tayari: jambo likihusu kanisa analoliongoza, lazima aseme mbele ya watu kwamba linamhusu, atoke chumbani, asijadili, asipige kura. Akibaki, kura yenyewe inaweza kufutwa na yeye kushtakiwa.

Alikwenda kwa Mushagalusa kumweleza. Nilikuwa naye, ilikuwa Jumamosi mchana baada ya zamu, na sote wawili tulinuka dawa ya sakafu. Mushagalusa alitukaribisha soda. Ni mtu mrefu, wa suti hata nyumbani, aliyekuwa mkuu wa posta Bukavu kabla ya vita. Alimsikiliza kwa heshima.

“Papa, siku hiyo sitaweza kupiga kura,” Nsimire alimwambia. “Nitatoka nje.”

“Nimesikia, Onorabo.”

“Ni sheria. Si kwamba ninakataa.”

“Nimesikia kabisa. Kila mahali kuna maneno ya kusema mbele ya watu. Hata kule kwetu, mheshimiwa anasema hivi kwa mikrofoni, halafu anafanya kazi ya watu wake.”

“Papa, hapa nitatoka kweli.”

“Mungu yupo,” akasema Mushagalusa, akamwongezea soda.

Jioni ya kura wakaja watu wengi wa kanisa, wamevaa nguo za Jumapili, vitenge na suti, wakajaza viti vyote vya wasikilizaji na wengine wakasimama ukutani. Wanawake aliokuwa akiwaongoza walikaa mstari wa mbele. Yalisomwa maneno ya kuwaheshimu wenyeji wa asili wa ardhi hii, kama kawaida ya kila kikao, wakapitia mambo ya mifereji. Kisha meya akalisoma jambo la jengo la maskauti.

Nsimire alibonyeza kipaza sauti. Alisema kwamba yeye ni mshirika na kiongozi katika kanisa linaloomba, na kwamba anatoka. Akasukuma kiti, akachukua pochi yake, akatembea. Ilibidi apite mbele ya mstari wa wanawake. Hakuna aliyeinua mguu kumpisha kwa sababu hakuna aliyeelewa anakwenda wapi. Mlango ulikuwa wa kioo na mbao, mzito, ukajifunga wenyewe polepole. Nilimwona kupitia kioo akiketi kwenye benchi la nje, kwenye ujia, karibu na bomba la maji ya kunywa, mgongo ukiwa kwetu.

Walijadili kwa muda mrefu kidogo. Wengine walisema kanisa ni zuri, wengine walisema majirani wa bustani wanahofia magari. Yule mzee wa vitambaa aliunga mkono kanisa, na hilo liliwashangaza watu. Mikono ikainuliwa. Kura zikalingana. Zikilingana, meya hupiga kura ya pili, na meya, ambaye alikuwa wa chama cha Nsimire, akasema kwa masikitiko kwamba majirani hawajasikilizwa vya kutosha, akakataa.

Kila mtu mle ndani aliweza kufanya hesabu hiyo.

Nje ilikuwa bado mapema, maduka ya kebabu yamejaa. Watu walisimama kwenye ngazi. Nsimire alitoka mwisho, baada ya mambo mengine kumalizika, nao walikuwa bado wanamngoja. Mushagalusa alimsogelea. Hakupandisha sauti.

“Tulikutuma ndani,” akasema. “Weye ukatoka nje.”

“Papa, nilikuambia.”

“Uliniambia kwa maneno ya sheria. Mimi nilidhani unazungumza na mimi.”

Mwanamke mmoja wa kikundi chake, Léonie, alikuwa analia bila sauti, ameshika kitenge chake puani. Watu wakaanza kutawanyika kuelekea magari. Hakuna aliyetukana. Nadhani matusi yangekuwa mepesi kubeba.

Wiki hiyo hiyo Léonie na wenzake wawili walimtembelea nyumbani na sufuria ya sombe, kile sisi tunachokiita kisamvu. Walizungumza habari za watoto. Walipokuwa wanaondoka wakasema wanawake wamekaa, wameona mama yetu amechoka sana, ingefaa apumzike uongozi. Alisema sawa. Akawarudishia sufuria yao imeoshwa.

Wilondja alikuwa amesikia kutoka chumbani. Nsimire alinisimulia walichozungumza, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi wao kukaa pamoja wakiwa macho wote wawili.

“Kama ungeacha uongozi wa wanawake mapema,” Wilondja alisema, “tangu bohari lilipouzwa. Ungebaki mshirika tu. Labda wangekuruhusu.”

“Nilifikiria.”

“Sasa?”

“Nilikuwa nimechoka kufikiria. Nikasema kesho. Kila siku kesho.”

“Mimi sikulaumu, Mama Olivier.”

“Najua. Nami nasema tu.”

Mwanasheria angemwambia nini kama angeuliza hivyo, hatujui. Alinieleza jambo hili mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa anakunja shuka, na hakungoja niseme kitu.

Aliendelea na vikao hadi mwisho. Hakukosa hata kimoja. Simu kutoka kwa jumuiya zilipungua, kisha zikabaki za watu wapya ambao hawakujua habari. Alikwenda nao kwenye ofisi kama zamani.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, Darren alikuja tena na kukaa kwenye kochi lile lile. Alisema chama kimempata kijana mhasibu, ana nguvu, na kwamba Nsimire angeweza kuwekwa nafasi ya tano.

“Nafasi ya tano haishindi,” Nsimire akasema.

“Hapana,” Darren akakubali. “Hii haishindi kabisa.”

“Basi usiniweke.”

Aliniambia kwamba Darren alishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Alimaliza chai yake, akamshukuru kwa utumishi. Hakuwa mtu mbaya. Nsimire alirudisha kitabu cha umeme na kadi ya mlango, na kijana wa mapokezi akamuuliza jina lake linaandikwaje.

Jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba Papa Mushagalusa aligombea mwenyewe. Hakuwa na chama. Alichapisha mabango ya picha yake akiwa na suti ya kijivu, na vijana wa kanisa wakayafunga kwenye nyua za watu. Siku ya kupiga kura tulimkuta mlangoni pa shule ya msingi, tangu asubuhi, akigawa vikaratasi kwa mkono wake. Wazungu, Waarabu, Wavietnamu walipita, wengine wakichukua, wengi wakitikisa kichwa. Nsimire alisimama kwenye mstari kama mtu yeyote. Alipomfikia Mushagalusa alinyoosha mkono akapokea kikaratasi, akakisoma chote pale pale, mbele na nyuma, kisha akaingia. Alipotoka tulinunua soseji kwenye mkate ambazo wazazi wa shule huchoma siku hizo, tukala tumesimama, tukaenda kazini.

Mushagalusa alipata kura za kanisa na za majirani wachache. Alitolewa katika mizunguko ya kwanza ya hesabu.

Ulipita mwezi hivi. Jioni moja ya Jumatano, Nsimire na Wilondja walikuwa mezani. Wilondja alikuwa ameomba zamu ya mchana kwa ajili ya mgongo wake, kwa hiyo sasa walikula pamoja, jambo ambalo mwanzoni liliwapa shida, hawakujua waseme nini. Nilikuwepo kwa sababu nilimrudishia Falone kitabu. Mlango ukagongwa, na Papa Mushagalusa akaingia, bila tai. Alikuwa amepungua mwili.

“Karibu, Papa. Ukae tule.”

Alinawa, akakaa, akamega ugali. Nilifikiri amekuja kuomba jambo. Nadhani na Nsimire alifikiri hivyo, maana niliona mabega yake yakipanda. Lakini mzee hakuomba.

“Mule ndani,” akasema mwishowe, “munakuwaga namna gani?”

Nsimire alifikiri. “Kuna baridi. Wanaweka hewa baridi hata kipupwe.”

“Sawa.”

“Kiti kinazunguka, lakini ukikizunguka kinalia, kila mtu anakutazama. Makaratasi ni mengi. Unasoma, unafika, unakuta wameshakubaliana kwenye simu. Siku nyingine hawajakubaliana, halafu unaona neno lako limeingia. Ni kidogo. Ni neno moja.”

Mushagalusa alitafuna. “Miguu iliniuma ile siku ya shule,” akasema. “Tangu asubuhi. Watu wanapita tu.”

“Najua, Papa.”

“Wee ulifanya hivyo na kazi ya wazee.”

“Ndiyo.”

Alimega tena, akachovya kwenye sombe, lakini hakula. “Ile siku ya kanisa. Ulipokaa pale nje. Ulisikia walivyopiga kura?”

“Hapana. Mlango ni mzito. Niligeuka, nikaona wewe unasimama, nikajua.”

Mzee aliitikia kwa kichwa. Wilondja alimsogezea maji. Baada ya hapo wakazungumza juu ya mgongo wa Wilondja na daktari gani ni mzuri, na Mushagalusa akataja mmoja wa Liverpool anayesema Kifaransa. Alipoondoka alimwambia Nsimire, “Lala muzuri, mama.” Hakumwita Onorabo, na hakumwita kwa dharau pia.

Kanisa sasa linakutana kwenye ukumbi wa shule, Jumapili alasiri, baada ya kanisa la Wakorea kumaliza. Nsimire anakaa katikati na watu wengine. Wanawake wana kiongozi mpya, Léonie, ambaye hupiga simu mara kwa mara kumuuliza jambo fulani hufanywaje. Olivier anasoma chuo. Falone amehamia kwa rafiki zake Quakers Hill, karibu na kazi yake, na mama yake hupanda treni kwenda kumwona siku za mapumziko. Anasema anapenda safari ile kwa sababu ni ndefu na hakuna anayemjua njiani.

Wiki iliyopita tulikuwa zamu moja. Baada ya chakula cha mchana cha wazee nilimuuliza kama atagombea tena siku moja. Alikuwa kwenye kiti cha chumba cha chai, viatu amevua.

“Dada Joyceline,” akasema, “waulize kwanza wale ambao hawajaenda.”

Nilipogeuka kuosha kikombe changu nikasikia pumzi yake imebadilika. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kabati, mkono bado umeshika kijiko. Kengele ya chumba cha mwisho ikalia, na chumba hicho kilikuwa chake siku hiyo. Nikafuta mikono, nikafunga mlango polepole, nikaenda mimi.